Picha za Mawe Nani Ananunua?

Swali hilo nimeshaulizwa na watu wengi: rumeti wangu, kijana anayenichapia picha kule mjini, baba mdogo kwenye simu, na hata yule kaka wa bodaboda anayenipeleka alfajiri. Kila mmoja ana namna yake. Rumeti analifanya utani. Baba mdogo huliuliza taratibu, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulipa ada ya mwaka. Na mimi kwa muda wote huu hapa UDOM nimekuwa nikilijibu kwa kucheka, kwa sababu jibu lenyewe ni refu, haliwezi kuisha mkiwa mmesimama mlangoni. Sasa wahariri wamenipa kurasa, basi wacha nijibu.

Nasoma uchumi, mwaka wa tatu. Wikiendi napiga picha za harusi, send-off, kipaimara na, msimu ukifika, mahafali. Hizo ndizo zinazolipa chumba. Lakini ukifungua diski yangu utakuta mambo mengine kabisa: mamia ya picha za kilima kimoja, mibuyu isiyo na jani hata moja, makorongo ya mchanga ambayo yanakuwa mito kwa wiki chache tu, na anga. Hakuna bibi harusi humo. Kazi hiyo inaitwa upigaji picha za mandhari, na mpaka leo haijarudisha hata nusu ya hela iliyomeza.

Kwenye semina za ujasiriamali tunaambiwa kila siku: tafuta kwanza unachokipenda, halafu ukifanye kuwa kazi. Inasikika vizuri, watu wanapiga makofi, tunapewa soda tunaondoka. Kwangu mimi mambo yalikuja kwa mpangilio mwingine. Kazi ilitangulia, mapenzi yakaja nyuma, tena yakija kwa mwendo wa kobe. Naandika haya kwa ajili ya yule ambaye bado anakaa kitandani anasubiri kusikia moyo ukimwambia "hiki ndicho". Inawezekana moyo wako haujui kitu bado, kwa sababu haujaona kitu mara za kutosha.

Mwaka wa kwanza nilinunua kamera ya mtumba, Canon 1100D na lenzi yake ile ndogo, kwa shilingi 420,000. Sehemu ilitoka kwenye bumu langu la kwanza. Sehemu kubwa aliitoa mama, kwenye hela zake za vikoba. Mama anauza samaki Bukoba, na hela ya vikoba kwa mama muuza samaki si ya kuchezea. Aliniambia neno moja tu: "Kaitumie, isikae kabatini." Kwa hiyo kamera ilikuwa na deni tangu siku ya kwanza, na deni lenyewe ni la mzazi.

Shida ikawa kwamba sherehe ni Jumamosi. Jumatatu mpaka Ijumaa kamera imelala. Na mimi nilikuwa sijui kuiendesha bila kuiacha ijiamulie yenyewe. Nilikuwa nahitaji mahali pa kujifunzia bure. Kilima hakitozi hela. Kilima hakifumbi macho ukibonyeza. Kilima hakikwambii "nifanye mweupe kidogo dada". Nyuma ya mtaa tunaopanga kipo kimoja, mwendo wa dakika ishirini na tano kwa miguu, kina mawe makubwa yaliyokaa juu ya mengine kama mtu aliyapanga. Kwenye ramani ya simu hakina jina. Wenyeji wanasema tu "kule mlimani". Nikaanza kwenda huko. Sababu ilikuwa mazoezi, basi.

Mtoto wa kike hawezi kuondoka saa kumi na moja alfajiri hivi hivi. Hilo nalo ni sehemu ya kazi, ingawa video za kufundisha upigaji picha hazilisemi. Nilikwenda kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa, nikajitambulisha, nikamweleza ninachofanya, naye akawaambia vijana wa pale juu. Nikapata bodaboda mmoja ninayemwamini, na rumeti akawa ananifuata akiwa amejifunika shuka kama mgonjwa. Mama nilimwambia nakwenda mazoezi ya asubuhi. Ni kweli yalikuwa mazoezi.

Kitu cha kwanza kilima kilichonifundisha ni saa. Sisi tuko kama nyuzi sita kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua halitambai pembeni ya anga kama linavyofanya kwa wenzetu wa kaskazini ya mbali. Linapanda moja kwa moja. Ule mwanga laini wa rangi ya asali, ambao mpiga picha wa Norway anaweza kuupata kwa saa kadhaa siku ya baridi, sisi tunapewa kama nusu saa. Baada ya hapo kila kitu kinakuwa cheupe na bapa. Na kwa kuwa Dodoma iko magharibi ya Dar es Salaam, jua hapa linachelewa kama robo saa kuliko kule. Novemba linatoka saa kumi na mbili na kama dakika kumi. Julai linakaribia saa moja kasorobo. Mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba, mchana, jua linakuwa juu ya utosi kabisa, kivuli chako unakikanyaga. Hizo ni siku za kulala au kudesa, si za kupiga picha.

Cha pili ni upepo. Yeyote aliyekaa hapa kati ya Agosti na Oktoba anajua ninachosema. Stendi yangu ya kamera ni ya bei ndogo, inatetemeka kama mtu mwenye homa. Nikajifunza kuning'iniza mfuko wa mawe katikati ya miguu yake ili itulie. Nikajifunza kutobadilisha lenzi nje, maana vumbi likishaingia ndani ya kamera, kila anga utakayopiga itakuwa na madoa. Lakini vumbi hilohilo, jioni, ndilo linalofanya jua liwe jekundu kiasi kile mpaka unaweza kulitazama bila kufumba macho. Na mvua ya kwanza ikinyesha, linaoshwa lote, na ghafla unaona milima ambayo kwa miezi mitano hukujua kama ipo.

Mara ya kwanza kilima kilikuwa rundo la mawe. Mara ya tano pia. Sijui kama ilikuwa mara ya kumi au ya kumi na mbili, ndipo nilipogundua kwamba natembea darasani nikiwa nahesabu: leo kuna mawingu mepesi mashariki, kwa hiyo kesho upande wa kushoto wa lile jiwe refu utapata mwanga wa pembeni, ufa wake utaonekana. Nilikuwa kwenye kipindi cha uchumi jumla, mhadhiri anaeleza mfumuko wa bei, mimi nafikiria ufa. Sikuhisi ngoma ikipigwa kifuani. Ilikuwa tu kwamba nilikuwa na swali, na jibu lake lilikuwa linatoka saa kumi na mbili asubuhi kwa nusu saa, na nilitaka kuwepo. Kama mapenzi ya kazi yana mwanzo, kwangu mwanzo ni huo: kuwa na swali linalokuamsha kabla ya alamu.

Nikaanza kusoma kuhusu mawe yenyewe. Ni graniti, na miamba ya sehemu hii ya nchi ni ya kale mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yale mawe yanayokaa juu ya mengine hayakudondoka kutoka popote. Yalikuwa mwamba mmoja chini ya ardhi, maji yakapita kwenye nyufa kwa muda usiohesabika, yakala pembe zikawa mviringo, kisha mvua ikaondoa udongo. Kilichobaki ndicho tunachokiona. Ukishajua hivyo, hupigi tena picha ya jiwe. Unapiga picha ya kilichofanywa na maji, katika mkoa ambao kila mtu anaulalamikia kwa kukosa maji.

Na hapa lazima niseme nilikotoka. Bukoba mvua ni karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma ni kama 500 hadi 600, tena karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Nilipofika, niliandika kwenye grupu la familia: "Huku hakuna rangi." Mwaka mmoja baadaye nilikuwa naweza kukutajia kahawia nane. Kuna kahawia ya nyasi za Juni na ya nyasi za Septemba, na hazifanani. Kuna ile ya gome la mbuyu, ambayo asubuhi inakaribia kuwa zambarau. Kamera haikuniongezea macho. Ilinizuia tu nisiondoke haraka.

Kuna mtu mmoja ambaye habari zake zilinishika, labda kwa sababu naye alisomea uchumi. Sebastião Salgado, Mbrazili, alikuwa mwanauchumi wa Shirika la Kimataifa la Kahawa, makao yake London, na safari za kikazi zilimleta Afrika, kwenye kahawa, zao ambalo kwetu Bukoba ni la mababu. Kamera aliyoanza nayo ilikuwa ya mkewe, Lélia, aliyekuwa akisomea usanifu wa majengo. Mwaka 1973 akaiacha kazi ya uchumi. Alipiga picha za watu kwa miaka mingi kabla ya kugeukia milima, barafu na misitu, kazi iliyotoka mwaka 2013 kwa jina la Genesis. Kabla ya hapo, mwaka 1998, yeye na Lélia walikuwa wameanzisha Instituto Terra kwenye shamba la familia lililokuwa limekauka, wakapanda miti ambayo baadaye ilizidi milioni mbili. Alifariki mwaka 2025. Simtaji ili mseme na mimi nitakuwa yeye. Namtaja kwa sababu wengi tunadhani mtu anaacha fani yake ndipo anaanza kupenda. Salgado aliingia kwenye picha kupitia safari za kahawa. Fani yake ndiyo iliyomfikisha mahali pa kutazama.

Sasa niseme habari ya mvua.

Dodoma mvua ya kwanza ikinyesha vizuri, ardhi inabadilika kwa siku kumi hivi. Nyasi zinatoka kwenye mchanga, mibuyu inavaa, maji yanasimama kwenye mabeseni ya mawe juu ya kilima. Mwaka wa pili nilikuwa nimejipanga kwa picha hiyo tangu Julai. Nilijua nitasimama wapi, lenzi gani, jua litatokea nyuma ya jiwe lipi. Mvua ikaja wiki moja na harusi mbili na mahafali ya mtoto wa mteja wangu. Jumla laki tatu na nusu. Wiki hiyohiyo mdogo wangu wa kidato cha tatu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa mchango wa shule. Nikachukua harusi. Kwenye darasa letu hiyo inaitwa gharama ya fursa. Ukifanya kimoja, unalipa kwa kile ulichokiacha. Mdogo wangu alirudi shule Jumatatu. Mimi nilipopanda kilima, nyasi zilikuwa zimeshapita kiuno na anga limekuwa la kijivu. Basi, nikajiambia, mwakani.

Mwakani ulipofika, upande wa mashariki wa kilima haukuwepo.

Ulikuwa unapondwa. Dodoma inajengwa, kila mtu analiona hilo tangu serikali ilipohamia. Hosteli, ofisi, barabara, na treni ya umeme inayotufikisha Dar es Salaam tangu 2024. Kokoto lazima zitoke mahali. Pale chini walikuwa wamekaa akina mama kumi na kitu chini ya vivuli vya viroba, nyundo mkononi. Lile jiwe refu lenye ufa, ambalo nilikuwa nalifuata tangu mwaka wa kwanza, lilikuwa limekwisha kuwa marundo, kila rundo na mwenyewe.

Nikamsogelea mmoja, mama wa makamo. Nikamwamkia kwa Kigogo changu cha kuokoteza, "Mbukwenyi," akacheka, nikaongeza shikamoo ili nisiharibu.

"Marahaba mwanangu. Wewe ndiye yule wa kamera? Tulikuwa tunakuona asubuhi. Tukasema huyu mtoto anatafuta madini."

Nikamwambia nilikuwa napiga picha za lile jiwe. Akanyamaza kidogo. Akasema kivuli cha jiwe lile alikikalia akiwa msichana anachunga mbuzi. Halafu akaonyesha nyundo. "Na hii imenisomeshea watoto wawili. Mmoja yuko chuo, kama wewe."

Sikuwa na la kusema, na mpaka leo sina la kusema ambalo ni fupi. Chumba ninachopanga, kuta zake na sakafu yake, kimetoka kwenye vilima kama hiki. Ningependa kilima kibaki, na ningependa mtoto wa mama yule amalize chuo. Mpiga picha wa mandhari anayefika, anapiga, anaondoka, anaweza asikutane na jambo hilo kamwe. Ukirudi mahali pamoja miaka mitatu, lazima mkutane.

Kilichonitokea baada ya siku ile ni kwamba picha zangu zilibadilika. Zamani nilikuwa nasubiri watu watoke ndipo nibonyeze. Sasa nawaacha. Mtu mdogo chini ya jiwe kubwa ndiye anayekwambia jiwe lina ukubwa gani, na ndiye anayekwambia litaishia wapi. Pili, nilirudi kwenye diski nikatoa picha zote nilizopiga kutoka sehemu moja, nikazipanga kwa tarehe. Zile za mwaka wa kwanza, nilizoziona ni za mazoezi tu, zikawa ndizo za thamani kuliko zote, kwa sababu hakuna mtu duniani anayeweza kuzipiga tena.

Nikachapisha moja kwa ukubwa wa A3: jiwe refu, mwanga wa pembeni, ufa unaonekana wote. Nikampelekea yule mama. Aliishika kwa ncha za vidole ili asiichafue, akawaita wenzake, wakaanza kubishana kwa Kigogo wakionyesha: hapa tulikuwa tunaanika, hapa alidondoka mbuzi wa fulani. Halafu akafungua pindo la khanga akatoa elfu tano. Nikakataa. Akaniangalia kwa ukali wa mzazi.

"Kazi ni kazi, mwanangu. Chukua."

Nikachukua. Kwa hiyo baba mdogo, kama unasoma, yupo aliyenunua.

Najua elfu tano haitoshi hata kuchapa ile picha, na sitaki kumdanganya mwanafunzi mwenzangu kwamba mandhari yatamlipia kodi. Kwa mwanafunzi hapa nchini, hela iko kwenye sherehe, na hakuna aibu ndani yake. Harusi ndizo zilizonifundisha kufanya kazi haraka na kuheshimu muda wa watu. Lakini kazi ya kurudi mahali pamoja na kupiga picha ileile kwa tarehe ina matumizi yake, na hapa Dodoma yanaonekana. Ipo programu ya Kisiki Hai, ambayo inawafundisha wakulima na wafugaji kulea machipukizi ya visiki vilivyobaki ardhini badala ya kutegemea miche ya kupanda tu. Unawezaje kumwonyesha mtu kwamba shamba limebadilika? Jedwali linasaidia. Ila picha mbili za sehemu ileile, moja ya kabla na moja ya baada, anazielewa hata bibi asiyejua kusoma. Kwa ajili hiyo nimeanza kuandika kwenye daftari kila ninaposimama: alama ya mahali, saa, urefu wa stendi, lenzi, mwelekeo. Ni kazi ya kuchosha kama kuingiza data. Kumbe naipenda.

Kwa wale watakaotaka kuanza, nawaambia ninayoyajua. Simu yako inatosha kwa miezi sita ya kwanza. Chagua mahali pamoja unapoweza kufika kwa miguu na ukarudi salama, si pale pazuri kuliko pote. Waage watu, mtambulishwe, usipige karibu na majengo ya serikali bila ruhusa. Ukipata kamera, anza na ISO 100, tundu la lenzi kwenye f/8 au f/11, na uiegemeze juu ya kitu kisichotikisika. Piga kwa RAW kama kadi inaruhusu. Fika nusu saa kabla ya jua, maana rangi nyingine zinakuja na kuondoka kabla halijatoka. Na usifute picha mbaya za mahali pazuri. Andika tarehe, weka.

Mimi nina semesta moja imebaki. Baba mdogo ananitafutia nafasi benki, na ikipatikana nitaomba kwa moyo mmoja, kwa sababu kikoba cha mama hakijajaa bado na mdogo wangu ana mwaka mmoja wa sekondari. Kilima bado kina upande wa magharibi, na huo unapata mwanga jioni, muda ambao mtu wa benki amekwisha kutoka kazini. Nimeshauhesabu.

Kwako wewe unayesema hujui unapenda nini: nenda mahali pamoja mara kumi. Ukishamaliza ya kumi nitafute, niko Block ileile, tuzungumze.